Siku Namba Themanini na Saba Iliposogea

Ninyi mnaokuja kwangu na kompyuta mgongoni mkitaka niwasimulie kazi ya zamani, kwanza nijibuni swali moja. Mtu aliye kwenye orodha yako, unamtafuta kwa namba gani? Ukiniambia, "Mama Sifa, kwa ile namba ya mstari, ya pembeni kushoto," chai yangu huipati. Nitakuuliza tena, na sauti yangu itatetemeka, na usidhani ni uzee.

Nimestaafu, nakaa hapa Masisi, magoti yananiuma wakati wa mvua, na mpaka leo nikimwona mtu anafuta mstari kwenye jedwali, moyo unaniruka. Binti yangu hunicheka. "Mama, weye uko na woga ya mashini," ananiambia. Namjibu kwamba mashini siiogopi hata kidogo. Namwogopa mtu anayeiuliza vibaya kisha akaliamini jibu, kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi.

Ofisi yetu ilitafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao wakati wa kukimbia vita. Jina lake siwaambii. Tulikuwa na biro mbili, yaani vituo vya kazi, moja hapa Masisi na nyingine Walikale. Kule Walikale watoto wengi walikaa katika nyumba za watu waliowapokea, na huku tuliandika wazazi na bibi waliokuja kuulizia. Kati yetu ilikuwa barabara ya matope, siku mbili kama gari halikuzama, na redio ya kuongea tuliyoiita foni. Mtandao wa simu wakati ule ulikuwa wa kupanda kilima na kuomba Mungu.

Foni ilisikilizwa na kila mwenye kifaa, na wenye bunduki walikuwa na vifaa vingi kuliko sisi. Kwa hiyo hatukutaja majina. Huku kwetu jina linaweza kumwambia mtu wewe ni wa kabila gani kabla hujafungua kinywa, na kwenye kizuizi cha barabarani hiyo inatosha. Tulitaja namba tu. Hata kadi ya safari aliyovikwa mtoto shingoni ilikuwa na namba tupu. Dereva hakujua majina, na msindikizaji alikatazwa kuyauliza. Tulijivunia sana utaratibu huo, na kweli kizuizini haukuwahi kutuponza.

Sasa namba yenyewe ilitoka wapi? Hapo ndipo ninapoona aibu. Programu yetu ilikuwa ya zamani, skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Kila ulipomwandika mtoto, mashini ilimpa namba yenyewe bila kuombwa: wa kwanza moja, wa pili mbili, na kuendelea. Namba ya bure, haikosewi, hairudiwi! Niliichukua hiyo hiyo nikaiandika kwenye fishi ya mzazi, yaani kadi yake ya karatasi. Mzazi akilinganishwa na mtoto, namba ya mtoto inaandikwa pale juu kwa kalamu nyekundu, imekwisha.

Aliyenionya ni Papa Gervais. Alikuwa ameandika vizazi na vifo vya serikali miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na alitunza sanduku la mbao lenye fishi za watoto na za wazazi, kila moja kwa mwandiko mzuri kama wa daftari la shule. Kompyuta hakuigusa. Siku moja alisimama nyuma yangu, akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Mama Sifa, hii namba nani amepatia mutoto?"

"Ni mashini, Papa."

"Na mashini inamujua mutoto?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Papa, weye umezoea makaratasi."

Hakukasirika. Alinionyesha kupitia dirishani watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la zahanati ng'ambo ya barabara. "Angalia. Ule wa kwanza akiingia kwa muganga, bote banasogea. Wa tatu anakuwa wa pili. Hii yako haiko namba ya mutoto, iko namba ya kiti."

Nilimsikia vizuri kabisa, neno kwa neno. Kisha nikaendelea kufanya vile vile, maana nilikuwa na haraka na nilijiona mjuzi.

Onyo la pili lilikuja kwa kichekesho. Mkubwa wetu alitaka orodha ipangwe kwa herufi, A mpaka Z. Nikaipanga, nikaihifadhi juu ya ile ya zamani, mashini ikagawa namba upya bila kuniambia. Kesho yake akaja mama mmoja aliyekuwa anatafuta mtoto wa kunyonya, fishi yake imeandikwa kumi na nne. Nikaita kumi na nne. Mashini ikaniletea kijana aliyepokelewa hapa hapa Masisi, nami nikatuma mtu akamwite, sikusoma hata mwaka wake wa kuzaliwa. Akaingia jitu refu, masharubu yameanza kuota. Mama yule alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Eh, Mungu wangu! Huyu nilimuacha ku maziwa. Mulimukulisha na nini?"

Biro nzima ilicheka mpaka machozi, kijana mwenyewe akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikarudisha orodha katika mpangilio wa zamani, nikaona nimepona. Ningelia siku ile ingekuwa afadhali.

Tena kulikuwa na ile ya kuunganisha. Mwanzoni Walikale walikuwa na faili yao na sisi yetu. Nilipoibandika yao chini ya yetu, mtoto wao wa namba moja akawa si moja tena. Mwenzangu wa kule, kaka Innocent, tuligombana kwenye foni robo saa nzima juu ya namba tisa, kila mtu akimzungumzia mtoto mwingine, na hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kutaja jina ili mambo yaeleweke. Tukaamua kwamba faili itakuwa moja tu, yangu, na kila gari likienda Walikale litampelekea Innocent nakala mpya. Tulidhani tatizo ni kuwa na faili mbili.

Basi sikilizeni habari yenyewe. Nitaisema polepole.

Programu ile ilikuwa na njia yake ya kufuta. Ukimfuta mtu, mashini ilimwekea nyota tu, akabaki pale pale kwenye mstari wake. Kumwondoa kabisa kulihitaji amri ya pili, tuliyoiita kufinya. Ukifinya, wenye nyota wanatoka na waliokuwa chini yao wanapanda kujaza nafasi. Kila Jumamosi nilisafisha faili kama mtu anavyofagia nyumba kabla ya Jumapili: natafuta walioandikwa mara mbili, naweka nyota, nafinya, nakwenda nyumbani na roho safi.

Jumamosi ile niliona watoto wawili. Namba ishirini na tatu: Bahati, mvulana, miaka mitano, baba Papa Bahati, mama Mama Bahati. Namba themanini na saba: Bahati, mvulana, miaka mitano, baba Papa Bahati, mama Mama Bahati. Mnacheka? Msicheke. Huku mtu akizaa haitwi tena jina lake, anaitwa kwa jina la mtoto, na mtoto wa miaka mitano ukimwuliza baba yake anaitwa nani atakujibu Papa Bahati, ndivyo anavyomsikia akiitwa. Mmoja aliokotwa kwenye njia ya Bisie, ambako mama yake alikuwa akiwapikia wachimbaji. Mwingine, mahali alipotoka paliandikwa "hajui". Nikajiambia, Innocent amemwandika mara mbili tena, huyu kaka hachoki. Nikaweka nyota kwenye themanini na saba. Nikafinya.

Mtoto nilimwondoa kwa kidole kimoja, kisha nikanawa mikono, nikanywa chai.

Wiki ile gari lilikuwa linakwenda Walikale kuchukua watoto ambao wazazi wao wamepatikana. Lilibeba nakala mpya ya faili. Nilitoa fishi za wazazi kwenye sanduku, nikasoma namba nyekundu kwenye foni moja moja. Themanini na saba, ashuke Kirotshe. Hiyo ilikuwa fishi ya bibi mmoja wa kule ziwani, anayetafuta mjukuu wake Bahati. Themanini na nane, ashuke Masisi. Hiyo ya Mama Riziki wa Nyamitaba, aliyepotezana na binti yake wa miaka mitatu. Kule Walikale, Innocent aliandika themanini na saba kwenye mashini, nayo ikamwonyesha mtoto na nyumba anayokaa. Akaenda nyumba hiyo, akamvika mtoto kadi, akampakia. Hakukosea chochote.

Mama Riziki alifika kwetu siku moja kabla ya gari. Alikuwa ametembea kutoka Nyamitaba na chupa ya maziwa na kisweta cha rangi ya njano alichofuma mwenyewe. Alikihofia kile kisweta. "Nilipima na macho tu," aliniambia. "Labda amekua." Kila alipolisikia gari barabarani alisimama. "Mama, njo ile?" yaani ndilo lile? Nami nikamjibu hapana, bado, kaa.

Wazazi tuliwakalisha chumba cha nyuma. Hilo nalo lilikuwa utaratibu, ili kusiwe na vilio na vurugu kwenye gari. Gari likaja mchana, mvua ikiwa imekwisha tanda juu ya vilima, na dereva hakuzima hata injini. Alitaka kushuka kuelekea ziwani kabla njia haijaharibika. Nilihesabu kadi za watoto wa kwetu wakishuka, wanne, sawasawa. Ndani ya gari alibaki msichana mdogo aliyelala begani kwa msindikizaji, kadi ya themanini na saba kifuani. Mguu wake mmoja ulikuwa wazi na upepo ulikuwa wa baridi. Nilinyoosha mkono, nikamfunika. Gari likaondoka.

Yule wa themanini na nane alikuwa kivulana kimya. Nilimshika mkono nikampeleka chumba cha nyuma. Mama Riziki alikuwa amesimama tayari, kisweta mkononi. Alimtazama mtoto, akatazama mlango nyuma yangu, akangoja.

"Mama Sifa, huyu mutoto iko muzuri. Lakini haiko wangu. Wangu ni binti."

"Ni themanini na nane, Mama. Namba ni yake."

"Mi sijue mambo ya namba. Riziki iko wapi?"

Nilikimbilia mashini. Themanini na nane: mvulana. Papa Gervais alifungua sanduku lake akatoa fishi ya mtoto mwenyewe, ile iliyoandikwa siku alipopokelewa. Themanini na nane, Riziki, msichana, kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Namba ilikuwa mwandiko wangu. Nikarudi kwenye skrini nikaangalia mstari wa juu yake. Themanini na saba: Riziki.

Papa Gervais aliinama karibu nami. "Nani alikuwa ku hii kiti?" aliuliza taratibu.

Alikuwa Bahati, niliyemfinya Jumamosi. Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, na ilinibidi nimwambie kwamba binti yake alikuwa ndani ya gari lile lililoondoka sasa hivi, hatua chache kutoka kwenye benchi alilokaa, na kwamba nilimshika mguu.

Alitoka nje, akasimama pale gari liliposimama, akawa anatazama alama za magurudumu zikijaa maji.

Foni ya gari haikujibu. Asubuhi tulipanda pikipiki mbili, yeye moja, mimi moja. Sikuwahi kuogopa vile, wala wakati wa risasi. Niliwaza gari limeanguka. Niliwaza bibi wa Kirotshe amemkataa na msindikizaji amemwacha mtoto kwa mtu yeyote. Niliwaza jinsi nitakavyomtafuta mtoto wa miaka mitatu ambaye kitu pekee alichovikwa shingoni ni namba ya uongo niliyompa mimi.

Tulimkuta. Bibi yule, kila mtu alimwita Koko kama tunavyowaita bibi, alikuwa amekaa mbele ya jikoni lake, Riziki mapajani, wanakula kiazi kitamu kimoja, huyu anauma na huyu anauma. Mama Riziki aliteremka kabla pikipiki haijasimama. Mtoto alimtazama, akajificha kwenye kitenge cha Koko. Mama yake akapiga magoti kwenye matope akamwita jina moja la utani ambalo sikulielewa, la nyumbani kwao, mara mbili tatu. Hapo mtoto akaacha kiazi.

Kisweta kilikuwa kidogo. Alimvisha hivyo hivyo.

Nilimwomba Koko msamaha. Nikamwuliza kama hakuona kwamba aliyeletewa ni msichana.

"Niliona," alisema. "Nilimwambia yule kijana wa gari, wangu ni mwanaume, iko na miaka tano. Akasema karatasi iko na namba yako, Koko, mashini haidanganye. Sasa ningefanya je? Nimurudishe mu gari na mvua, na iko na njaa?" Akapangusa mikono. "Basi. Huyu amepata mama yake. Na wangu?"

Nilimwambia. Nilimwambia nilimfuta, nikidhani ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Hakuelewa kufutwa ni nini, akadhani namwambia amekufa, akashika kichwa. Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba mtoto yuko hai Walikale, ni mimi tu niliyemwondoa kwenye orodha, na wakati ninaeleza niliona jinsi maneno hayo yalivyo mabaya.

Kisha barabara ikafungwa. Mapigano yalirudi katikati ya Masisi na Walikale, na kila juma nilipiga foni kumwuliza Innocent juu ya yule mtoto wa Koko, naye akajibu, "Yuko, yuko," bila kuweza kusema zaidi. Yule kivulana kimya alikaa nyumbani kwangu mpaka baba yake alipotokea, na yeye hakuwa themanini na nane wala namba yoyote ya mashini, maana tulikuwa tumeanza upya.

Tulifanyaje? Chukueni kalamu. Namba anapewa mtu na mtu, kwenye karatasi, kabla mashini haijamwona, yenye herufi ya biro iliyompokea, na haigawiwi tena hata akirudi kwao, hata akifa. Inaandikwa ndani ya safu yake yenyewe, kama jina. Hakuna kufuta: anayetoka anaandikiwa ametoka, lini na kwa nani, na mstari wake unabaki. Ukidhani wawili ni mmoja, nenda ukawaone kwa macho. Na ukimwita mtu kwa namba, usiliamini jibu mpaka mambo mengine mawili yakubaliane nalo, jinsia na kovu, umri na nyumba. Majedwali yenu ya leo ni mazuri kuliko skrini yangu nyeusi, lakini nazo mkipanga au mkifuta, mistari inapanda vile vile, tena mbele ya macho yenu, na hamshtuki. Papa Gervais ndiye aliyebuni namba zile mpya. Hakunikumbusha hata mara moja lile benchi, na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Barabara ilipofunguka, gari la kwanza lilimleta Bahati. Nilikuwa nimemwita Koko aje Masisi, na safari hii sikumweka chumba cha nyuma. Alisimama nami barabarani. Mtoto aliteremka, mwembamba, shati limefuliwa. Msindikizaji, mama mmoja wa Walikale, alinivuta pembeni. Alisema siku ile ya gari la kwanza Bahati alioga, akavaa, akasimama mlangoni, kwa sababu aliyempokea alikuwa amemfundisha namba yake asiisahau. Alipowasikia watu wazima wakisema themanini na saba amekwisha panda, aliwaambia, "Makumi munane na saba njo miye." Wakamwambia anyamaze, mashini imesema ni Riziki. Akasimama mlangoni mpaka gari likaondoka.

Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kila mtoto nitamwuliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Jina lako nani, baba?"

Alinitazama kama mtu anayepimwa. Akasimama wima, akaniambia kwa sauti ya kukariri, "Makumi munane na saba."

Koko alinisogeza kwa mkono. Aliinama, akamshika uso. "Bahati," alimwambia. "Weye ni Bahati ya Koko. Sema."

Mtoto alinigeukia kwanza mimi, kuona kama ninaruhusu.